Mkamwana wa Daktari

Wahenga wanasema mganga hajigangi. Waliosema hivyo hawakumjua Daktari Ezra Mwakatobe. Yeye alijiganga mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Alijishona paja ndani ya boti, bila ganzi, baada ya ndoano ya mvuvi kumchana. Alijichoma sindano za malaria huku meno yakigongana, kisha akasimama kuwahudumia wengine. Aliyemshinda kumganga hakuwa yeye mwenyewe. Alikuwa mke wa mwanawe, aliyelala hatua ishirini kutoka mlangoni pake, aliyempikia na kumfulia kwa miaka minne, na ambaye uso wake hakuwahi kuutazama.

Asubuhi ile ya Aprili Asifiwe alizisikia katambuga za baba mkwe wake zikitoka barazani, nyayo za tairi zikinyonya tope. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Alikuwa katikati ya uwanja na ndoo ya maji mkononi, na hapakuwa na pa kukimbilia isipokuwa nyuma ya migomba. Akaenda. Akavuta kitenge kichwani, akaupa uwanja kisogo, akasubiri. Mvua ikampiga mgongoni. Maumivu yalipokuja akaung'ata mkono wake asitoe sauti. Katambuga zilipita taratibu, maana Daktari naye alijua kuna mtu nyuma ya migomba, na hakutaka aonekane anakimbia.

Ndivyo mkamwana wa Kinyakyusa alivyofundishwa: hamtazami baba mkwe, hazungumzi naye, hakai naye chumba kimoja, halitamki jina lake. Wazee huita ukutila, yaani kuogopa. Nyumba nyingi za Kabuli zilishalegeza. Mkamwana alisalimia kwa mbali akaendelea na shughuli zake. Nyumba ya Daktari haikulegeza. Ukoo ulikuwa umemsema miaka mingi kwamba amegeuka Mkisi, kila mara yuko botini kuwafuata majirani hao wa ufukweni, anakula kwa Wakisi, analala kwa Wakisi, hata misiba ya shangazi zake inamkuta kwa Wakisi. Basi mwanawe Hezroni alipooa, mzee Ambwene, kaka yake Daktari, aliuliza mbele ya wazazi wa binti waliotoka Talatala: "Huyu atafuata mila, au na yeye atafuata boti?" Watu wakacheka. Daktari akajibu kwamba atafuata mila. Jibu lilikuwa fupi. Asifiwe ndiye aliyelibeba.

Alilibeba hadi kanisani. Jumapili moja alipewa zamu ya kusoma, na somo lilitoka kitabu cha Ezra. Alisimama, akafungua Biblia, akasema, "Somo letu linatoka kitabu kilicho kabla ya Nehemia." Kanisa zima likaangua kicheko, na tangu siku hiyo wanakwaya wenzake wakamwita Kabla ya Nehemia. Alicheka nao. Angefanyaje?

"Yameanza?" Mama mkwe wake, Elizabeth, alikuwa amemfuata migombani.

"Tangu alfajiri, mama."

"Mbona hukusema?"

"Alikuwa barazani."

Elizabeth akaipokea ile ndoo. Mpango ulikuwa Asifiwe aende mjini Kyela wiki mbili kabla, akakae kwa shangazi yake Hezroni karibu na hospitali, ili siku ikifika asiangukie mikononi mwa mkwe. Maji yakatangulia. Mto ulipasua kingo, barabara ya Ngonga ikawa mashamba, na mashamba yakawa ziwa. Dereva wa gari la wagonjwa alipopigiwa simu alisema yuko kwenye kipande cha mwisho cha lami na mbele anaona maji na vichwa vya migomba.

"Catheline yupo," Elizabeth alisema. "Atakuzalisha Catheline. Mzee amesema atakaa nje."

"Nje wapi?"

"Nje, mwanangu. Dirishani."

*

Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa dakika tano. Hezroni alimshika mkewe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alishika mwavuli. Njiani walipishana na Wakisi watatu waliokuwa wakiteremka ziwani, vichwani wamebeba vyungu vilivyofungwa kwa majani makavu. Waliweka vyungu chini wampishe mgonjwa. "Ni mkamwana wa Daktari," mmoja akasema, na kwa sauti yake ilikuwa kama anasema huyo ameshapona.

Kwa Wakisi jina hilo lilikuwa dawa. Miaka thelathini na moja Ezra alikuwa akipanda boti kwenda vijiji vyao, vile vilivyobanwa kati ya ziwa na mlima, ambako gari halijawahi kufika. Mara tatu aliandikiwa uhamisho kwenda penye umeme na lami, mara tatu akaukataa. Wakisi hawana mpunga wala kakao ya kumpa mtu. Wana udongo, na wanawake wanaojua kuufinyanga. Wakamshukuru kwa vyungu. Sebule yake ilijaa vyungu hadi wageni wakawa wanakaa upande mmoja wa kochi. Elizabeth alivijua vyote: hiki cha mtoto aliyekwamwa na mfupa wa samaki, hiki cha yule wa kichocho, hiki cha pacha aliyebaki.

Kikubwa kuliko vyote kilikaa mlangoni. Kilitoka kwa mama Dorothea, mfinyanzi wa kijiji cha mbali. Mkamwana wake alishikwa na uchungu siku tatu, na boti pekee kijijini ilikuwa ya mume wa Dorothea, ambaye alikataa kuketi boti moja na mke wa mwanawe. Daktari alimshika mzee yule kola ya shati mbele ya kijiji kizima. "Ndani ya boti hakuna mkwe," alimwambia. "Kuna anayekufa na anayemzuia asife. Wewe ni yupi?" Mzee akavuta kamba ya injini. Maneno yale yalitembea ufuko wote. Asifiwe mwenyewe aliyasikia siku ya kwanza alipokisogeza chungu kile kukifuta vumbi, akafikiri: baba mkwe wangu ni mtu mkubwa.

Chumba cha kuzalia kilikuwa na kitanda kimoja, saa ya ukutani na dirisha lenye pazia la kijani. Catheline, mkunga kijana aliyepangiwa Kabuli kutoka Karagwe, alikuwa na miezi saba kazini. Alimpima Asifiwe, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa kipembe chake cha mbao, akanyanyua uso.

"Njia imefunguka yote, Daktari," alisema kuelekea pazia. "Ila mtoto hashuki. Na mapigo yanapungua."

"Yapo ngapi?" Sauti ilitoka nje, chini ya dirisha, palipokuwa na benchi.

"Tisini na sita."

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika kumi. Asifiwe aliiona vizuri, kwa sababu Catheline alimwambia achague kitu kimoja akitazame.

"Tutamvuta," sauti ikasema. "Chukua ile pampu. Kikombe ukiweke kichwani kwa mtoto, nyuma kabisa, karibu na kisogo."

"Daktari, ingia."

"Nipo hapa. Fanya ninavyokuambia."

"Sijawahi kumvuta mtoto. Nilimvuta mwanasesere wa plastiki, chuoni."

"Ni vilevile."

"Si vilevile, Daktari."

Sauti ya pili ikasikika pale nje, nzito, ya mtu aliyeshiba uji. Mzee Ambwene alikuwa amekuja na fimbo yake na koti la mvua, na alikuwa amekaa kwenye benchi lilelile. "Wanawake walizaa kabla madaktari hawajazaliwa," alisema. "Mwache binti wa watu afanye kazi yake."

Catheline alifanya. Kikombe kikashika, akavuta, kikaachia kwa mlio kama wa chupa inayofunguliwa. "Kimeachia." Sauti ikasema rudia, nyuma zaidi. Akarudia. Elizabeth alikuwa ameushika mguu wa Asifiwe, na machozi yake yalidondoka juu ya goti lisilo lake. "Baba Hezroni," aliliambia pazia. "Baba Hezroni, nakuomba." Mapigo yakawa themanini. Kikombe kikaachia mara ya pili. Saa nne na nusu. Catheline alifuta mikono kwenye aproni, mikono ikagoma kukauka.

Kikombe kilipoachia mara ya tatu, Asifiwe hakusikia maumivu tena. Alisikia ubaridi ukipanda kutoka miguuni, na akajua, kama mtu anavyojua mlango haukufungwa, kwamba anayekufa ni mmoja na atafuata wa pili.

"Baba!" aliita.

Nje, benchi lililia. Hakuna aliyekuja.

"Daktari!"

Vidole vinne vikashika ukingo wa pazia. Aliviona: vifupi, kucha zimekatwa vizuri. Mzee Ambwene akakohoa. Vidole vikatoka.

Ndipo Asifiwe alipovuta pumzi hadi mwisho wa kifua, akaliita lile jina ambalo kwa miaka minne alilizunguka kama shimo njiani.

"Ezra! Ezra Mwakatobe, ingia humu!"

Hata mvua ilionekana kupungua. Kisha mlango ukasukumwa, na katambuga zikaingia zikiacha tope kwenye sakafu iliyodekiwa.

Alikuwa mfupi. Hilo ndilo lililomshangaza Asifiwe. Kwa miaka minne, nyuma ya migomba na nyuma ya kuta, alikuwa amemjenga mtu mrefu. Huyu alikuwa mfupi, masikio makubwa, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Hakumtazama usoni. Alinawa, akavaa glovu, akakaa pale Catheline alipokuwa amekaa, akakipachika kile kikombe, na mikono yake haikutetemeka hata kidogo. "Sukuma sasa," alisema. Haikuzidi dakika tano. Saa ilisema saa tano kasoro dakika tano.

Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa na rangi ya maji ya ziwa wakati wa mawingu. Daktari alimpulizia kwa mfuko wa hewa, akamsugua mgongo, akampulizia tena, mpaka akatoa mlio mdogo kama wa kifaranga chini ya tenga. Wakati huohuo damu ya Asifiwe ilifunguka, na Daktari akamwachia Catheline mtoto, akazuia damu kwa ngumi yake mwenyewe, dakika baada ya dakika, jasho likimtiririka hadi miwani ikaanguka. Alimwokoa. Hilo lazima lisemwe, na Asifiwe mwenyewe hakuwahi kulikana.

Mtoto alikoroma hadi saa tisa alasiri. Kisha akaacha.

*

Walimzika kesho yake penye migomba, kwa sababu kiwanja kizima hapo tu ndipo palipokuwa pakavu. Kuanzia siku ile Daktari hakutoka tena kwa njia ya uwanjani. Alizunguka nyuma ya zizi.

Habari zilimaliza kijiji kabla udongo haujakaa. Siku ya kwanza watu walisema mafuriko yamemuua mtoto. Siku ya pili walisema mama yake alimtaja mkwe kwa jina, tena akiwa uchi, tena kwa kelele, na mtoto wa namna hiyo atapona vipi? Wanawake waliokuja kumpa pole walikaa mkekani, wakasema pole, wakamtazama mdomo kama watu wanaotazama mlango alikotokea nyoka. Hakuna aliyemwita tena Kabla ya Nehemia.

Mama Dorothea alifika siku ya nne kwa boti. Alikuwa na chungu kidogo cha mviringo, kimechorwa nyeupe shingoni, cha kumwogeshea mtoto. Alikuwa amekifinyanga tangu Februari. Habari alizikuta ufukweni.

"Ndaga fijo, mama, asante sana," Asifiwe alisema, "ila rudi nacho. Mwenyewe hayupo."

"Chungu hakirudi kilikotoka. Kikae." Alikiweka chini ya kitanda, akaketi. Akatafuna kitu kisichokuwepo. "Wanasema ulimtaja."

"Nilimtaja."

"Akaja?"

"Akaja."

"Basi," mama Dorothea akasema, akaomba maji ya kunywa.

Jioni ya siku hiyo alikuja Catheline, amebeba karatasi ndani ya bahasha ya nailoni. Hakutaka chai. Alisema kila mtoto mchanga anapofariki kituoni hujazwa fomu, inapelekwa wilayani, na mkunga na daktari wote wanasaini. Kuna mstari unaouliza kama kulikuwa na ucheleweshaji, na wapi: nyumbani, njiani, au kituoni.

"Daktari ndiye aliyetufundisha huo mstari," Catheline alisema. "Kila Jumatatu. Anasema huo ndio mstari unaookoa mtoto wa mwakani."

"Ameandika nini?"

"Njiani. Ameandika: mafuriko, barabara haipitiki."

Asifiwe alitazama mlango. Kituo kilikuwa mwendo wa dakika tano. Mwavuli ulikuwepo.

"Wewe umesaini?"

"Bado, dada. Na nimeogopa kumwambia. Agosti anastaafu. Juni wanampa cheti mkoani, kwa miaka thelathini na moja ya kuwahudumia Wakisi." Alikunja kona ya bahasha, akaikunjua. "Nisiposaini watauliza kwa nini. Nikisaini, siku moja nitakuwa na kituo changu, na mimi nitakaa dirishani."

"Niachie hiyo karatasi," Asifiwe alisema.

*

Kikao cha ukoo kilipangwa Jumapili baada ya ibada. Adhabu ilijulikana mapema: ng'ombe mmoja kutoka kwa baba yake Talatala, na Asifiwe apige magoti aombe radhi kwa kulitaja jina. Asipokubali, arudi kwao mpaka akubali. Baba yake alikuwa na ng'ombe wawili, na kakao yake yote ilikuwa imeoza ndani ya maji.

Jumamosi Elizabeth aliingia chumbani na sahani ya wali wa Kyela, ule unaonukia hadi nje, ukiwa na vipande vya samaki. Chakula cha ombi kinajulikana.

"Mzee amefikiri," alisema. "Anasema baba yako asisumbuke. Yeye atamtoa ng'ombe zizini, vijana wamswage usiku kwenda Talatala, kisha baba yako amlete mchana."

Asifiwe alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu siku ile, na kilimuumiza kwenye mshono wa uzazi. "Kwa hiyo ng'ombe atakwenda kusalimia na kurudi."

"Usicheke, mwanangu. Amefikiri usiku kucha. Wewe useme neno moja tu."

"Mama, ulikuwepo. Ulinishika mguu."

Elizabeth alipanga vipande vya samaki ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. "Nilikuwepo," alisema. "Na nimekaa na mtu huyu miaka thelathini na sita. Nimelala peke yangu nusu ya miaka hiyo, yeye yuko kwa watu wa watu. Nilijiambia siku nyumba yake itakapougua, atakuwa wa kwanza kufika." Akanyanyuka. "Kula. Wali ukipoa hauna maana."

Hezroni alijaribu kwa namna yake, wamelala kila mtu na ukingo wake wa kitanda.

"Asi. Neno moja tu. Watu wanasema maneno mangapi kwa siku?"

"Sema wewe, basi."

"Mimi sikumtaja."

"Ni kweli," Asifiwe alisema. "Hukumtaja. Ulikuwa umeshika mwavuli."

*

Wanaume walikaa sebuleni, upande mmoja wa kochi na kwenye viti vya kuazima, vyungu vikiwa vimewazunguka pande tatu. Asifiwe alikaa kwenye mkeka nje ya mlango, nyuma ya ukuta, kichwa kimefunikwa, Elizabeth pembeni yake. Maneno yalipaswa kupita kwa Hezroni: mzee aseme, Hezroni atoke mlangoni amwambie mkewe, mkewe ajibu, Hezroni aingie. Alikwenda na kurudi kama mtu anayechota maji kwa kikombe.

"Baba mkubwa anauliza, ni kweli ulitaja?"

"Amesikia mwenyewe. Alikuwa benchini."

Hezroni akaingia. "Anasema ni kweli."

"Mwulize," sauti ya mzee Ambwene ilisema, na ilisikika vizuri hadi kwenye zizi, "anajua kwamba jina la mkwe likitamkwa hivyo, linavunja kitu?"

Hezroni akatoka. "Baba mkubwa anauliza..."

"Nimesikia." Asifiwe alivua kitenge kichwani, akakikunja mara mbili, akakiweka kwenye magoti ya mama mkwe wake. Akainuka akishika ukuta.

"Mwanangu, wapi?" Elizabeth alimshika pindo la gauni. Kisha, bila kuambiwa, akaliachia.

Aliingia. Viti vililia vyote kwa pamoja. Wazee wawili waligeuka wakautazama ukuta, kama yeye alivyokuwa akiutazama mgomba. Mmoja alijifunika uso kwa kofia. Mzee Ambwene hakugeuka, kwa hasira. Daktari Ezra alikuwa kwenye kigoda, mgongo umeegemea vyungu, mikono imefumbatwa katikati ya magoti. Kwa mara ya kwanza alimtazama machoni. Macho yake yalikuwa yamechoka, ya mtu mwema, na hilo lilimuumiza Asifiwe kuliko kama yangekuwa mabaya.

"Toka," mzee Ambwene alisema. "Hezroni, mtoe mkeo."

Hezroni alisimama mlangoni, mkono mmoja hewani.

Asifiwe alitoa ile karatasi kifuani, akaikunjua, akaiweka juu ya mfuniko wa chungu kikubwa cha mlangoni, kile cha mama Dorothea. Juu yake akaweka kalamu.

"Baba," alisema, "hapa umeandika njiani. Mimi sikuchelewa njiani. Nilifika kwako saa nne na dakika kumi, nikakupata umekaa. Nimekuja uandike palipochelewa."

Nje kuku alikuwa akiparua matope. Daktari aliitazama karatasi, na watu wakaona midomo yake inasogea kama mtu anayesoma tena barua aliyoiandika mwenyewe. Aliinuka, akaenda hadi kwenye chungu, akaishika kalamu. Mkono ule, uliopachika kikombe bila kutikisika, uliozuia damu dakika baada ya dakika, sasa ulitetemeka hadi ncha ya kalamu ikagonga mfuniko, tik, tik, tik.

"Ezra," mzee Ambwene alisema. "Utaandika kwamba uliua mjukuu wako kwa kumheshimu mkamwana? Watakucheka mkoani. Watakucheka hata hao Wakisi wako. Kwanza aombe radhi. Aombe, kitu kikae sawa, ndipo mambo ya karatasi."

Daktari hakuiachia kalamu, wala hakuandika. Alisimama katikati ya vyungu vya watu aliowafuata kwa boti katika mawimbi na mvua, watu aliowakemea, aliowashika kola, na alipofungua kinywa sauti yake ilikuwa ileile ya dirishani.

"Omba radhi, mwanangu," alisema. "Neno moja. Nami nitaandika."

Elizabeth alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimekunjwa kifuani. Hezroni alikuwa ameuteremsha mkono wake. Asifiwe aliitazama ile kalamu, akautazama uso aliokuwa akiukimbia miaka minne, akaona kwamba hata sasa, hatua moja kutoka kwake, mtu huyu bado amekaa nje anasubiri kuruhusiwa.

"Nilikuita baba, hukuja," alisema. "Nilikuita daktari, ukashika pazia ukaliachia. Nilikuita Ezra, ukaja, na nikapona. Kama kuna kosa langu, ni zile dakika arobaini nilizokuwa nikikuheshimu. Andika au usiandike. Mimi siombi radhi."